Je, Mungu wa Israeli ananidai deni la babu yangu?

*"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 31 na mtoto mmoja wa miaka sita. Katika miaka mitatu iliyopita mimba zangu mbili zimeharibika, zote kabla ya miezi mitatu. Mwaka jana mume wangu akapunguzwa kazini. Nilipokwenda kwenye maombi niliambiwa nimebeba laana ya ukoo kwa sababu babu mzaa mama alikuwa mganga, nikasomewa Kutoka 20:5. Nimeambiwa nitoe sadaka ya kufungua laana, nisitumie dawa za hospitali mpaka nimalize siku arobaini, na nichome kigoda cha babu ambacho mama alinirithisha. Kabla sijafanya lolote nikaamua kusoma Agano la Kale mwenyewe tangu mwanzo. Sasa niko Hesabu, na hofu imezidi. Kila nikifungua, Mungu amekasirika: ndama, tauni, nyoka za moto, nchi inafunua kinywa. Na mwenyewe anajiita mwenye wivu. Je, aliwapenda kweli watu wale, au aliwatawala kwa kuwatisha? Na mimi, ananidai deni la babu?"*

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Mimba ikitoka kabla ya miezi mitatu mara nyingi hakuna kaburi wala matanga. Majirani hawaji kukaa nawe mkekani, na msiba unabaki tumboni mwako peke yako. Kisha juu ya msiba huo umetwishwa kesi ya mtu aliyekwisha kufa.

Jambo moja haliwezi kungoja mpaka nimalize maelezo: dawa za hospitali usiziache. Mimi nafundisha Agano la Kale na Kiebrania, udaktari siujui, na huko mbele nitakuelekeza kwa wanaoujua. Lakini katika vitabu ninavyofundisha hakuna mahali mgonjwa anaambiwa aache tiba ndipo Mungu amkumbuke. Mfalme Hezekia alipokuwa mahututi aliomba, akajibiwa, na baada ya kujibiwa nabii Isaya akaagiza liletwe donge la tini, likawekwa juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Maombi yalikuwa yameshakubaliwa na dawa ikatumika vilevile.

Sasa tusome mstari uliosomewa, ila tuusome mpaka unapoishia. Katika tafsiri ya Union ambayo wengi wetu tumekua nayo unasema: "kwa kuwa mimi, BWANA, Mungu wako, ni Mungu mwenye wivu, nawapatiliza wana maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne cha wanichukiao, nami nawarehemu maelfu elfu wanipendao, na kuzishika amri zangu." Wanaohubiri laana za ukoo hukata pumzi kwenye "cha nne". Neno "wanichukiao" linamezwa, na maelfu elfu hayasomwi kabisa. Aliyeandika ameweka mizani mbele yako: upande mmoja vizazi vitatu au vinne, upande wa pili maelfu. Anataka uone mwenyewe inakolalia.

Na kwa nini vizazi vitatu au vinne, kwa nini visiwe saba? Hapa inasaidia kujua Waisraeli waliishi vipi. Katika milima ya Yuda na Efraimu wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua nyumba nyingi za kati ya mwaka 1200 na 600 KK, na mara nyingi wamezikuta zimejengwa kwa kushikana, mbili au tatu zikitumia ua mmoja. Kiebrania kiliita mji wa namna hiyo *bet av*, nyumba ya baba. Alikaa humo mzee, wanawe na wake zao, wajukuu, na akijaliwa umri, kitukuu mmoja au wawili wakitambaa uani. Kizazi cha tatu na cha nne ndio hao, watu waliokula chungu kimoja na mzee angali hai. Akisimamisha sanamu uani, wote wanakua wakiiona inasujudiwa. Akiweka shamba rehani, wote wanalala njaa. Mstari unaeleza jinsi kosa la mkubwa linavyoupitia mji mzima wakati mwenyewe yupo na anaendelea nalo. Hausemi kwamba kuna kitu kinachosafiri kimyakimya ndani ya damu, kikavuka makaburi, kikaja kutega tumbo la mjukuu ambaye hajui kilipoanzia.

Hilo la ukimya ningependa tulikazie macho, maana ndipo ulipo mzizi wa hofu yako. Maandiko ya Israeli yana laana, tena nyingi, na za kutisha. Fungua Kumbukumbu la Torati 27 na 28. Lakini tazama zilivyotolewa: Walawi wanazisoma kwa sauti kuu mbele ya taifa zima, na baada ya kila moja watu wanajibu Amina. Alaaniwe asogezaye mpaka wa jirani yake. Alaaniwe ampotezaye kipofu njiani. Alaaniwe apotoshaye hukumu ya mgeni, yatima na mjane. Ni laana kumi na mbili, kila moja imefungwa kwenye tendo la mtu mwenyewe. Hakuna inayosema alaaniwe ambaye babu yake alifanya hivi au vile, na hakuna inayohitaji mtu mwenye maono aje kuigundua. Unaijua siku unayoiitikia Amina.

Sababu ni kwamba laana hizo ni vifungu vya mkataba. Mwaka 1955 huko Nimrud, Iraki, vilipatikana vibao vya udongo vya mapatano ambayo Esar-hadoni mfalme wa Ashuru aliwaapisha watawala wadogo mwaka 672 KK ili wamtii mwanawe Ashurbanipali. Wanaamriwa wampende mrithi huyo kama nafsi zao, wasimwendee mfalme mwingine, na wakivunja kiapo inafuata orodha ndefu ya laana, mojawapo ikiwa nchi kuwa chuma na mbingu kuwa shaba. Sasa soma Kumbukumbu 28:23. Waandishi wa Yuda waliijua lugha hiyo, kwa kuwa nchi yao ilikuwa miongoni mwa zilizolipa kodi kwa Ashuru. Wakaichukua lugha ya dola iliyowakalia shingoni, wakasema mfalme tuliyemwapia ni mwingine, na upendo wetu wote ni wake.

Ndiyo maana kuna wivu. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Sisi tunatenganisha wivu na husuda, au kijicho. Hasidi anataka ulichonacho kiharibike hata kama yeye hatakipata. Mwenye wivu analinda kilicho chake. Mume asiye na wivu hata chembe tunajiuliza kama bado anajali. Neno la Kiebrania katika Kutoka 20:5 ni *kana*, na kwa umbo hilo hutumika kwa Mungu peke yake katika Biblia nzima; ndugu yake wa mzizi mmoja yumo katika Hesabu 5, sura uliyokwisha kuipita, akieleza wivu wa mume kwa mkewe. Sitakuficha kwamba wivu wa ndoa unaweza kugeuka ukatili, na manabii wengine, Ezekieli hasa, walitumia mfano huo kwa maneno ambayo ningeona taabu kuyasoma kwa sauti mbele ya mwanamke aliyepigwa nyumbani. Lakini neno lenyewe linakwambia uhusiano ulikuwa wa aina gani. Mtawala anayetawala kwa vitisho tu haoni wivu. Anataka kodi yake, basi.

Nalo neno "agano" linanifurahisha kila nikilifundisha. Kwetu limetoka katika kuagana, na kuagana kuna pande mbili: watu huagana wakipatana, na huagana wakiachana. Kiebrania husema *kukata* agano, kama sisi tunavyokata shauri, na kukata huko kulikuwa kwa kisu hasa. Katika Mwanzo 15 Abramu anapasua ndama, mbuzi na kondoo, anavipanga vipande huku na huku, na katikati inabaki njia. Maana yake inaelezwa baadaye na Yeremia 34: apitaye kati ya vipande anasema, nikivunja neno langu na niwe kama mnyama huyu. Sasa rudi Mwanzo 15 utazame nani alipita. Abramu alikuwa amelala usingizi mzito. Kilichopita ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto, ishara ya Mungu mwenyewe. Mkubwa ndiye aliyejiapiza mbele ya mdogo. Katika mikataba ya wafalme wa zamani kwa kawaida kiapo humlemea mdogo, kwa hiyo msomaji wa siku zile lazima alishtuka.

Tuje kwenye hasira. Huko zamani kila taifa lilieleza maafa kwa hasira ya mungu wake. Mesha mfalme wa Moabu, jirani wa Israeli, alichonga jiwe karibu mwaka 840 KK akisema nchi yake ilionewa siku nyingi kwa sababu Kemoshi aliikasirikia. Kwa nini aliikasirikia? Jiwe halisemi. Alikasirika tu. Ukisoma Amosi au Mika unakutana na kitu kingine, yaani sababu zinatajwa, na ni za kuchosha kwa udogo wake wa kila siku: mizani ya udanganyifu sokoni, vazi la maskini lililowekwa rehani, hakimu aliyekula rushwa langoni. Hasira ya Mungu wa Israeli ina shitaka unaloweza kulisoma na kulijibu. Ile uliyosimuliwa kwenye maombi, ya kosa usilolifanya linalogunduliwa na mtu mwingine kwa malipo, inakaa karibu na jiwe la Mesha kuliko Torati.

Tena watu walimjibu. Baada ya ndama ya dhahabu, Musa anabishana na Mungu uso kwa uso, anamwambia ageuke aiache hasira yake, na maandiko yanasema Mungu aligeuka (Kutoka 32:14). Muda mfupi baadaye Mungu analitangaza jina lake: mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira. Kwa Kiebrania "si mwepesi wa hasira" ni *mrefu wa pua*. Waebrania waliiona hasira puani, pua inapata moto mtu anaanza kuhema, basi mwenye pua ndefu hasira yake ina safari mpaka ifike. Maneno hayo yakawa kama kauli ya imani, yanarudi Zaburi 103, yanarudi Yoeli, na Yona anamrushia Mungu kama lawama: nilijua wewe ni mwenye huruma, ndiyo maana nilikimbia!

Wewe uko Hesabu. Rudi sura ya 14 uisome polepole, kwa sababu swali lako limejibiwa pale kwa vitendo. Wapelelezi wamerudi, watu wamelia usiku kucha, wanataka warudi Misri, wanasema watoto wao watatekwa. Mungu anataka kuwafuta. Musa anamkumbusha maneno yake mwenyewe, pamoja na ule mstari wa kizazi cha tatu na cha nne, kisha papo hapo anaomba msamaha kwa msingi huohuo. Mungu anajibu: nimesamehe. Halafu inakuja hukumu. Wazazi watakufa jangwani. Na watoto? Watoto watachunga mifugo nyikani miaka arobaini, wakibeba ukosefu wa uaminifu wa baba zao, *kisha wataingia nchi*. Ni wao, walewale waliosemwa kwamba watakuwa mateka.

Ukilishika hilo umeshika karibu kila kitu. Matokeo ya makosa ya wazazi huwafikia watoto, hakuna asiyejua. Baba mlevi akiuza shamba, wanawe watapanga vyumba. Lakini matokeo ni kitu kimoja, na hatia mbele ya Mungu ni kingine. Watoto wa jangwani walilala kwenye mchanga kwa kosa lisilo lao, wala hakuna siku waliyoitwa kuungama kwamba ndio waliotaka kurudi Misri.

Yaonekana Waisraeli wenyewe waliyachanganya hayo mawili, wakafikia walipofikia wewe. Mwaka 597 KK Nebukadreza alimchukua mateka mfalme kijana Yekonia pamoja na wakuu na mafundi wa Yerusalemu. Huko Babeli vimepatikana vibao vya ghala la mfalme vinavyoorodhesha mafuta aliyopimiwa "mfalme wa Yuda" na wanawe watano. Yaani mjukuu wa mfalme Yosia alikuwa akipanga foleni ya posho. Kati ya mateka hao alikuwamo kuhani Ezekieli. Wenzake wakawa na methali: baba wamekula zabibu kali, watoto wametiwa ganzi la meno. Ilikuwa methali ya kulalamika, na pia ya kukata tamaa, maana kama deni ni la wazee na wazee wamekufa, utalilipaje?

Jibu la Ezekieli ni sura nzima ya 18, na limeandikwa kama kesi mahakamani. Kuna babu mwenye haki: ataishi. Ana mwana mnyang'anyi na mwuaji: huyo atakufa kwa makosa yake, haki ya baba haimwokoi. Mnyang'anyi naye ana mwana aliyeona yote aliyofanya baba yake, akaogopa, asifanye vile. Huyu je? Hatakufa kwa uovu wa baba yake. Wasikilizaji hawakupenda, wanauliza kwa nini mwana asichukue uovu wa baba, kama kwamba walishazoea mzigo. Nabii anarudia mara ya pili. Mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Na methali, anasema, isitumike tena katika Israeli.

Karne nyingi baadaye marabi wa Kiyahudi walijadili mistari hii miwili kwa ujasiri ambao sisi wahubiri wa Kikristo mara nyingi tunaukosa. Katika Talmudi, mkusanyiko wa mijadala yao, sehemu iitwayo Makot, Rabi Yose mwana wa Hanina anasema Musa alitamka hukumu nne juu ya Israeli, wakaja manabii wanne wakazitangua. Mojawapo: Musa alisema Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao, akaja Ezekieli akaitangua. Anasema kweli, *akaitangua*. Aliyekusomea Kutoka 20:5 alikusomea shitaka akakuficha hukumu ya rufani.

Kuna mtu mmoja katika Biblia aliye jirani yako kuliko unavyodhani. Mfalme Manase wa Yuda alipiga ramli, akashughulika na wenye pepo wa utambuzi na wachawi, akampitisha mwanawe motoni (2 Wafalme 21:6). Mjukuu wake ni Yosia. Kama uganga wa babu hutia alama mjukuu, Yosia ndiye angekuwa wa kwanza kuwekwa alama. Badala yake kitabu kinasema hapakuwa na mfalme mfano wake aliyemrudia BWANA kwa moyo wote. Hakuna mahali anaambiwa alipe ili afunguliwe laana ya Manase. Alichofanya ni kusafisha hekalu lililokuwa chini ya mamlaka yake.

Sitakupa upande mmoja tu, maana ukiendelea kusoma utakutana na sura zitakazokurudishia hofu, na afadhali uzisikie kwangu. Mstari unaofuata sifa za Yosia unasema hasira juu ya Yuda kwa ajili ya Manase haikupoa. Yosia aliuawa Megido mwaka 609 KK, na Yerusalemu ukachomwa mwaka 586 KK. Wana wa Akani waliangamia pamoja naye (Yoshua 7). Wazao saba wa Sauli walitundikwa kwa kosa la Sauli (2 Samweli 21). Mtoto wa Daudi na Bathsheba alikufa. Kwa hiyo aliyekuhubiria hakutunga kila kitu. Yamo maandiko yanayofikiri kwa njia ya ukoo mzima, na yamo yanayopinga, kama sheria ya Kumbukumbu 24:16 kwamba watoto wasiuawe kwa ajili ya baba zao, ambayo mfalme Amazia aliifuata alipowaacha hai wana wa waliomwua babaye. Hata habari za Manase zina pande mbili: Wafalme inamfanya chanzo cha maangamizi, Mambo ya Nyakati ya pili inasema alitubu kifungoni na Mungu akamsikia. Israeli walibishana jambo hili ndani ya maandiko yao wenyewe, na walioyakusanya hawakuufuta ubishi. Mimi nikipima, naona sauti zinazomhukumu mtoto ziko katika masimulizi ya taifa na viapo vyake, na mahali swali linapoulizwa waziwazi, "je, mtoto ana hatia ya mzazi?", jibu ni hapana. Nikiwa Mkristo naongeza kwamba Yesu aliulizwa swali hilohilo juu ya kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, akajibu si huyu wala wazazi wake (Yohana 9:3).

Na tafadhali usikimbilie ile njia ya mkato ya kusema Mungu wa Agano la Kale ni wa hasira na wa Jipya ni wa upendo. Marsioni, mwalimu wa Kikristo wa karne ya pili, alifundisha hivyo Roma, akatengwa na kanisa karibu mwaka 144. Hosea aliishi zaidi ya miaka mia saba kabla ya Paulo, na katika sura yake ya 11 Mungu ni mzazi anayemfundisha Efraimu, yaani Israeli, kutembea kwa kumshika mikono, kisha mtoto anapomwasi anajiuliza atamwachaje, na moyo unageuka ndani yake. Zaburi ya 136 inarudia mara 26 kwamba fadhili zake ni za milele. Ulipouliza kama aliwapenda au aliwatisha, nakujibu kwamba alifanya yote mawili katika kumbukumbu zao, na waliozihifadhi walikuwa watu waliopoteza mji, hekalu na mfalme. Wangeweza kumtupa wakachukua miungu ya aliyeshinda, kama mataifa mengi yalivyofanya. Wao walibaki naye wakimlalamikia. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" ni zaburi ya 13, na karibu theluthi ya zaburi zote ni za namna hiyo. Ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja hata moja, na bado iliimbwa.

Kwa hiyo na wewe una ruhusa ya kulalamika. Soma 1 Samweli 1. Hana hapati mtoto, analia hekaluni, midomo inacheza bila sauti. Kuhani Eli anamtazama, anaamua amelewa, anamkemea. Kiongozi wa dini amemsoma vibaya mwanamke mwenye uchungu wa uzazi, haikuanza jana. Hana hanyamazi. Anamwambia hapana, bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni. Eli, kwa sifa yake, anageuza maneno na kumbariki. Maandiko yanasema BWANA alikuwa amemfunga tumbo, sikufichi, ndivyo Waisraeli walivyoeleza kila kinachotokea. Lakini hayasemi Hana alikosa nini, wala baba yake, wala babu yake. Hakuna anayeuliza.

Sasa ya kufanya. Madaktari wanatuambia kwamba kati ya mimba kumi zilizokwisha kujulikana, moja au mbili huharibika, na karibu nusu ya zile zinazotoka mapema huwa na kasoro ya kromosomu iliyotokea tu wakati wa kutunga, isiyotokana na kitu alichofanya mama. Mimba mbili zikiharibika inafaa kwenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, wewe na mumeo pamoja, mkamweleza yote mawili kwa tarehe. Atapima pengine sukari, tezi ya shingoni, damu kama inaganda kupita kiasi, na kuangalia mfuko wa uzazi kwa altrasaundi. Mara nyingine hakuna sababu inayopatikana, na wengi wa hao bado hubeba mimba ikafika mwisho. Ukipata mimba kabla ya kumwona, ukaona damu au maumivu makali, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Maombi yaendelee. Tafuta mchungaji au padri aliyesoma, anayekujua kwa jina, atakayeomba nawe bila kukutoza na bila kukukataza daktari. Kutubu kwa ajili ya nyumba yako si kosa, Danieli na Nehemia walifanya hivyo wakisema "sisi na baba zetu"; lakini walikuwa wakijiunga na taifa lao, hawakuwa wakinunua kufunguliwa. Ukitakiwa fedha, au ukifundishwa kumchukia mama yako kwa sababu ya ukoo wake, ondoka. Kama usingizi umekata, huli, au kuna wazo la kujidhuru, usingoje miadi: mwambie mumeo leo na mwende kwa mhudumu wa afya.

Hesabu imalize ukipenda, ila iache kwa wiki mbili kwanza. Soma Zaburi ya 13, 1 Samweli 1, Hosea 11 na Ezekieli 18, kwa sauti, mumeo akiwepo.

Kuhusu kigoda. Kama babu aliacha vifaa vya uganga na unaona dhamiri haitulii navyo ndani, viondoe, huo ni uamuzi wako na hauhitaji mtu wa kulipwa. Lakini kigoda ni mti uliochongwa ukakaliwa. Kama kinakukosesha raha, mrudishie mama. Kama unakipenda kwa sababu babu alikupakata akiwa amekikalia, kikalie, hasa ukifika Ezekieli 18.